Ng'ombe Aliyemngoja Mama Mkwe

Nakumbuka siku moja kule Nansio, mwanangu, nimechuchumaa na ndoo tupu ubavuni mwa ng'ombe wetu mwekundu. Nilikuwa nimeolewa juzi tu. Mama mkwe, aliyemlea ng'ombe huyo tangu ndama, alikuwa amelazwa hospitali Mwanza, ng'ambo ya ziwa. Mvua za vuli zilikwisha, za masika zikaanza, naye hajarudi.

Kila jioni, saa ya kukamuliwa, ng'ombe alikuja mwenyewe hadi langoni, akaielekea njia itokayo kivukoni, akasimama. Hakuhitaji kuitwa. Nikimkamua, anayazuia maziwa. Vidole viliniuma hata usingizini. Nilichoka, mwanangu, uchovu wa kufanya kazi ya mwenzio bila kuiweza.

Mume wangu akasema, "Amekuwa mkaidi huyu. Mnyama hajui jana wala kesho. Tumuuze."

Basi mchinjaji akaja. Alikuwa ameshamfunga ng'ombe kamba shingoni, ndipo mama mkwe akashuka kwenye baiskeli ya kukodi, amekonda mno hata nikadhani ni mgeni anayeuliza njia. Akakohoa. Ng'ombe akainua kichwa, akalia, akamburuta mchinjaji na kamba yake mpaka kwa yule mama, akaanza kumlamba mkono.

"Shikamoo, mama," mume wangu alisema, sauti chini.

"Marahaba. Kamba hii ya nini?"

"Hatoi maziwa, mama. Amekuwa mkaidi."

Mama mkwe akaegemeza paji la uso kwenye shingo ya ng'ombe.

"Alikuwa ananingoja," akasema. "Ninyi mlikuwa mmeshanizika."

Mchinjaji akafungua kamba mwenyewe, akaondoka bila kuaga. Jioni ile ndoo ilijaa.

Mama hakuishi sana baada ya hapo. Ng'ombe alizeekea kwetu.

Sasa magoti yamechoka, na moyo nao umechoka kuzika. Nisikilize tu hili. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtoto akikataa chakula, mzee akinuna, mwenzio akiwa mzito, usimwite mkaidi kabla hujajua anamngoja nani. Na ukisafiri, usidhani wa nyumbani wamezoea. Rudi wangali na macho ya kukuona.

Mungu akujalie wa kukungoja, mwanangu, akujalie na miguu ya kuwafikia.