Ndege Niliyomwonyesha Mama Mkwe

Ukweni kwangu Kisarawe, mbele ya mama mkwe mwanamume hukaa karibu na mlango na maneno yake mengi hupitia kwa mke. Mimi siku hiyo nilikaa katikati ya sebule, kompyuta mapajani, nikiongea kama redio. Hata sasa nikikumbuka, masikio yananiwaka.

Mama mkwe alikuwa amepata nafasi ya kwenda Hija, jambo aliloliombea dua tangu mke wangu hajaolewa. Tatizo lilikuwa ndege. Hakuwahi kupanda, na kadiri safari ilivyokaribia ndivyo alivyozidi kusema kwamba Mungu husikia hata dua ya mtu aliye barazani kwake. Mke wangu akaniomba nimtoe hofu, kwa maneno mawili matatu tu.

Maneno ya nini, na mimi nina ndege? Kwa miezi nilikuwa nimejifungia nyumbani Sofu nikiunda, kwa ajili ya mchezo wa kuigiza urubani kwenye kompyuta, mfano wa ndege halisi ya kufundishia marubani, ile ndogo ya viti viwili. Nilikwenda kuipiga picha ile halisi kwenye chuo cha urubani, nikapima mabawa kwa futikamba, nikarekodi hata muungurumo wa injini. Nilichojivunia zaidi ni kwamba ilikuwa na ukali uleule wa ile ya kweli: ukipunguza mwendo kupita kiasi, inaangusha bawa moja na kujipindua. Vitini niliwaweka mwalimu na mwanafunzi wake.

Basi pale sebuleni nikairusha vizuri. Mama mkwe akasogeza kiti. Wakati wa kutua nikataka aone nyumba za chini, nikapunguza mwendo huku naendelea kueleza. Bawa likaanguka. Ndege ikajipindua, ikapiga ardhi, na muungurumo ukakatika.

Mama mkwe akasoma inna lillahi, polepole, kwa ajili ya wale wawili. Nilitamani ardhi inimeze. Nikafunga kompyuta, na tangu hapo mke wangu ndiye aliyembembeleza, wiki baada ya wiki, hadi akakubali.

Siku ya safari nilisimama nyuma yao uwanjani na mabegi. Mama mkwe akamshika binti yake mkono.

"Niambie kweli, mwanangu," alisema. "Rubani wetu hakujifunzia kwenye ndege ya mumeo?"

Mke wangu akamwambia hapana. Mama mkwe akamshukuru Mungu, akaingia ndani.