Deni Lisilopiga Kelele

Ackson alikwenda kwenye semina ya uchumi wa familia akiwa mkulima wa kawaida, akarudi waziri wa fedha. Semina yenyewe ilifanyika Tukuyu, Jumamosi moja ya mvua, katika ukumbi wa kanisa. Mkufunzi alikuwa kijana kutoka Mbeya mwenye viatu vya ncha ndefu, ambaye kwa umri wake hakuwa amesomesha mtoto wala kuzika mzazi, na kwa sababu hiyo alijua kila kitu kuhusu madeni. Aliwaambia wakulima wa Rungwe kwamba mtu mwenye akili havuki miaka sitini huku anadaiwa. Ackson alikuwa amebakiza mwaka na nusu afike sitini. Akaona kijana anamtazama yeye.

Jioni ile hakugusa chakula kwanza. Alimketisha mkewe, Esnath, akamtangazia kwamba siku atakayotimiza sitini hatadaiwa na kiumbe yeyote chini ya jua, ingawa kwa upande wetu jua lenyewe huonekana kwa miadi. Zaidi ya hapo, atakuwa na akiba ya milioni mbili kwenye SACCOS.

"Ni kujifunga kibwebwe tu, Mama Tuli," akasema.

Esnath akakitazama kiuno chake. Kilikuwa kimefungwa kibwebwe tangu alipoolewa, na hakuona pa kuongezea fundo.

Madeni yenyewe, ukiyatazama moja moja, hayakuwa ya kutisha. Hata nyuki mmoja mmoja hatishi. Kulikuwa na mkopo wa riba kali, ule wa kausha damu, uliochukuliwa mwaka ule upepo ulipong'oa bati za jikoni, nao ulikuwa na dada mmoja wa pikipiki aliyekuja kila Jumatatu, akasimama uani bila kuvua kofia ngumu, mpaka mbwa wakamzoea. Kulikuwa na mbolea ya chai waliyoikopa kwenye chama cha wakulima. Kulikuwa na ahadi ya ujenzi wa kanisa, ambayo Ackson aliitoa siku mchungaji alipohubiri vizuri kupita kiasi. Na kulikuwa na duka la Husseni pale kwao Mpuguso. Babu yake Husseni alikuja kutoka pwani na ustaarabu wote wa pwani, akaurithisha, kwa hiyo Husseni hakuwahi kumdai mtu. Alimsalimia tu mdeni wake kwa jina lake lote, mbele ya wateja, akamuuliza habari za nyumbani, za shamba, za ndama, za magoti, mpaka mdeni mwenyewe akaanza kutoa hela ili salamu ziishe.

Ackson aliyapanga madeni hayo kwa busara kubwa: anayepiga kelele zaidi alipwe kwanza.

"Na ng'ombe wa Masukulu?" Esnath akauliza.

Ng'ombe huyo alikuwa wa mahari ya Esnath, akidaiwa na kwao Masukulu. Wazee walipokubaliana, miaka thelathini na kitu iliyopita, Ackson alipeleka ng'ombe wote kasoro mmoja, na ukoo wake ukasema kwamba huyo mmoja atafuata. Amekuwa akifuata tangu wakati huo. Watoto wamezaliwa, wamekua, wameoa na kuolewa, barabara ya lami imejengwa, imechimbika, imezibwa, na ng'ombe bado yuko njiani.

"Yule si deni," Ackson akasema. "Ule ni undugu."

Esnath akaikumbuka posa ya binti yao, Tulinagwe, miaka miwili nyuma. Wakwe walipofika wakiwa wamepungukiwa ng'ombe mmoja, Ackson alisimama akazungumza mpaka chai ikapoa, akieleza kwamba binti wa mtu si debe la ndizi kusema utamalizia mnada ujao. Ng'ombe akapatikana jioni ileile. Siku hiyo, inaonekana, undugu ulikuwa bado haujagunduliwa.

Ukaanza mwaka wa kubana matumizi. Ackson alibana kwa mdomo na Esnath akabana kwa mgongo. Ni Esnath aliyeamka kabla ya ukungu kuinuka, akachuma chai vidole vikiwa havijielewi kwa baridi, akapeleka majani kituo cha kupimia, akarudi kukamua. Siku za soko alibeba mikungu ya ndizi mpaka Tukuyu. Parachichi ziliuzwa zote kwa mawakala, hata zile zenye makovu ambazo zamani zililiwa nyumbani. Nyama ilihama pale nyumbani bila kuaga. Sukari ilifungiwa kabatini, na ufunguo ukakaa mfukoni kwa Ackson, kwa hiyo wakulima wa chai wakawa wanakunywa chai chungu, jambo ambalo Ackson alisema linaongeza umri. Esnath aliwaza kwamba kwa mtu anayekimbizana na miaka sitini, kuongeza umri si jambo la haraka.

Madeni yakaanza kuanguka. Dada wa pikipiki alilipwa, akavua kofia kwa mara ya kwanza, na ikajulikana kwamba ana nywele nzuri. Mbolea ikalipwa. Ahadi ya kanisa ikalipwa, na Ackson akahakikisha imetangazwa. Kila lilipoanguka moja, Esnath aliuliza habari za Masukulu kwa sauti ileile ya kuulizia chumvi. Mara ya mwisho Ackson alimweleza kwa uvumilivu wa mwalimu.

"Mama Tuli, deni la ng'ombe wenu halina riba. Semina ilisema, lenye riba kwanza."

Hapo Esnath akakijua cheo chake. Katika nyumba hii yeye alikuwa mkopo wa masharti nafuu.

Lilimuuma zaidi kuliko alivyoonyesha, na sababu hazikuwa za semina. Kila alipokwenda kwao Masukulu, kwenye msiba au harusi, mke wa kaka yake alimkaribisha kwa maneno yaleyale: "Karibu wifi yetu wa kuazimisha." Watu walicheka, naye akacheka, kwa kuwa mtu akikutania mbele ya watu huna njia nyingine. Baba yake alikufa ng'ombe akiwa bado anafuata. Mama yake alikuwa hai, mkongwe, macho yakiwa yamebaki ya kutofautisha mchana na usiku. Hakuwahi kumdai mkwe wake. Alisema tu, kwa Kinyakyusa chake cha taratibu, kwamba angependa huyo ng'ombe aje wakati bado anaweza kumjua rangi. Esnath hakutaka kumzika mama yake huku yeye mwenyewe hajalipiwa. Hilo ndilo alilolala nalo na kuamka nalo, wakati mumewe akiota milioni mbili.

Milioni mbili zikafika, na miezi ya kusaza. Husseni alilipwa la mwisho, naye akaacha kuulizia magoti ya Ackson. Kilichobaki kilikuwa sherehe, maana mtu hawezi kuwa huru kimyakimya. Ikaandaliwa ibada ya shukrani, Jumapili ya kutimiza miaka sitini. Kuku walichinjwa, mbuzi mmoja akaingizwa kwenye bajeti kwa masikitiko, na mialiko ikafika mpaka Masukulu. Mama mkwe hakuweza kusafiri. Alikuja kaka yake Esnath, Anyelwisye, pamoja na mkewe, wakakaa benchi la pili kwa heshima ya ukwe.

Ackson alisimama mbele akiwa na suti aliyoiazima kwa jirani. Akashukuru. Akasimulia habari za semina, akasimulia chai chungu, akaweka mkono kifuani aliposimulia yale majani ya chai ambayo hakuyachuma. Kisha akafika pale alipokuwa amepaonea hamu kwa mwaka na nusu.

"Leo natimiza sitini, na sidaiwi. Kama yupo anayenidai, hata shilingi mia, asimame nimlipe mbele ya madhabahu."

Akatua, kama wanavyotua watu wanaojua kutua. Anyelwisye akainamisha macho kwenye viatu vyake. Mtu mwenye adabu hamdai shemeji yake ng'ombe ndani ya nyumba ya Mungu, na Ackson alilijua hilo, maana adabu hiyo ndiyo iliyomfuga miaka yote.

Esnath akainuka. Aliinuka polepole kwa sababu ya magoti, ila watu walidhani ni heshima, na wengine walidhani anakwenda kumkumbatia mumewe. Alishika mgongo wa benchi la mbele.

"Mimi simdai," akasema. "Mimi ndilo deni lenyewe. Ng'ombe wa mwisho hajafika kwetu."

Upande wa kwaya, kwenye besi, mtu akakohoa kikohozi kisicho cha mafua. Wanawake wakajifunika midomo kwa khanga. Mchungaji, ambaye naye alikuwa ameoa kwa ng'ombe na anajua uzito wake, alitazama juu kidogo kabla ya kusema.

"Mzee Ackson, umesema utalipa mbele ya madhabahu. Madhabahu hii hapa."

Wakati wa chakula Ackson alijaribu kuokoa akiba. Alimvuta Anyelwisye kando, akamweleza kwamba siku hizi mambo ni ya kidijitali, kwamba anaweza kumtumia kiasi fulani kwa simu, kingine kikafuata. Neno hilo la kufuata lilimponza. Anyelwisye aliweka sahani chini, akamjibu kwa upole wote wa mtu aliyekwisha kusemewa na dada yake.

"Shemeji, marehemu baba hakutaja hela. Alisema ng'ombe, na aje kwa miguu yake."

Nyumbani Ackson alianza akiba mpya, ya maneno. Alikaa siku kadhaa bila kusema neno, isipokuwa kwa ng'ombe. Alipofungua mdomo hatimaye, alimwambia Esnath kwamba amemvua nguo mbele ya watu. Esnath alimjibu kwamba nguo zenyewe zilikuwa za jirani. Kisha akaongeza, bila kejeli, kwamba mama yake amebakiza macho kidogo, na kwamba akifa kabla, hakuna benki itakayolipokea hilo deni. Ackson hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye hakuwahi kusikia sauti yoyote iliyo chini ya kelele.

Akaenda SACCOS, akatoa zaidi ya nusu ya akiba, akanunua mtamba mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Akakataa kukodi gari, maana gari lingekula kilichobaki, tena masharti yalisema miguu. Wakatoka alfajiri, yeye mbele na kamba, Esnath nyuma na fimbo, wakateremka kupita mashamba ya chai na migomba inayodondosha maji. Kila kijiji walichopita, watu waliuliza ng'ombe anakwenda wapi, na kila mara Ackson alijibu "Ukweni" kwa sauti ya mtu anayefanya hisani. Esnath alimwacha. Njia nzima alijisikia mwepesi, kama msichana anayetanguliwa na sifa zake.

Masukulu walimkuta mama yake kwenye kigoda nje ya nyumba. Wifi alitoka jikoni, akamwona mtamba, akatafuta utani wake wa siku zote asiupate. Anyelwisye alimsogeza mnyama karibu, na bibi kizee akampapasa kwa viganja vyote viwili, kutoka pembe, shingo, mbavu, mpaka mkia.

"Mweusi," akasema.

"Mweusi, mama, ana baka jeupe usoni," Esnath akamjibu.

"Ndaga, mkwe wangu," bibi akamshukuru Ackson, naye Ackson akainama mpaka kofia ikaanguka. Wakampa kiti cha heshima na kikombe cha maziwa mgando, na kabla hajafika nusu ya kikombe alikuwa anamfundisha Anyelwisye namna ya kuweka akiba.

Bibi alimshika Esnath mkono, akamketisha chini karibu naye.

"Sasa umekwisha kulipiwa, mwanangu. Mpaka jana ulikuwa na mguu mmoja huku. Mumeo angekuchosha, ningemwambia: mrudishe, bado hujamaliza. Leo hata huo mguu umelipiwa."

Alisema kwa furaha ya mtu aliyelipwa, ila mkono hakuuachia.

Esnath hakuwa amelifikiria hilo. Miaka yote alitaka aibu itoke, na hakuna aliyemwambia kwamba aibu ile ilikuwa pia mlango, uliobaki wazi kidogo, kwa ajili yake. Aliutazama ua aliochezea utotoni: migomba, jiko la moshi, mtamba mweusi akianza kula majani ya kwao kama aliyezaliwa hapo. Hakujuta. Aliona tu kwamba kitu alichokipigania kilikuwa na bei, na kwamba bei hiyo haikulipwa na Ackson peke yake.

"Lala huku leo," mama yake akasema.

Kwa desturi ya siku zote Esnath angegeuka, amtafute mumewe kwa macho, apime uso wake kabla ya kujibu. Aligeuka. Ackson alikuwa amefika kwenye riba.

"Nitalala," Esnath akasema. "Kesho pia nitalala."

Alimwambia Ackson baadaye, wakati anaaga, kwa sauti ya kawaida ya kuulizia chumvi. Ackson akamtazama mama mkwe, akamtazama mtamba, akachukua kofia yake. Akapanda mlima kurudi Mpuguso peke yake, ana miaka sitini kamili, hadaiwi na kiumbe yeyote chini ya jua, akiwahi ng'ombe watatu waliokuwa wanamngoja awakamue, kazi ambayo hajawahi kuifanya maishani mwake.