Risasi za Kwenye Karanga

Mjomba wangu alilipua baruti machimboni miaka mingi mpaka masikio yake yakagoma, na ndiyo sababu mimi nikapata kazi ya kusikiliza. Mtafiti mmoja wa madini, ambaye mjomba alimpikia kambini msimu mzima, alipoondoka alimwachia mashine ya kutafutia dhahabu. Sisi tuliiita ditekta: fimbo ndefu yenye sahani chini, kiboksi cha betri, na visikizio vya kuvaa kichwani. Mjomba akivaa, kimya. Mimi nikivaa, nasikia mpaka kizibo cha soda kinavyolia chini ya udongo. Hiyo ni miaka ya tisini mwanzoni. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nipo tu nyumbani Kabungu, nje ya mji wa Mpanda, na kichwani nilishanunua cherehani ya mama, redio kaseti na makochi mekundu, vyote kwa dhahabu ambayo sijawahi kuiona.

Dhahabu haikuja. Tulichopata kwa wingi, ukiacha misumari, ni risasi za zamani zilizokwisha kupigwa. Mjomba alinifundisha kuzijua. Yenye ncha na ngozi ya shaba, ukiigeuza kwenye jua unaona mistari imelala mshazari. Hiyo imetoka kwenye bunduki ya kiwandani, bomba lake limechongwa ndani, nalo linaikwaruza risasi inapotoka. Ya mviringo isiyo na mstari, nyeupe kidogo kama imepakwa unga, ni ya gobore, maana bomba la gobore ndani ni laini tupu. Iliyobonyea kama chapati imegonga mfupa au jiwe. Iliyobaki duara imekosa, imejizamia zake udongoni.

Nilizipenda hizo zilizokosa kuliko zote. Nilikuwa naziosha, nazipanga dirishani, nawaza kwamba kwa kila moja kuna mnyama aliyerudi kwa watoto wake siku ile. Mjomba alikuwa ananicheka. "Wewe utakufa maskini," ananiambia, "unafurahia nyama iliyokimbia."

Jirani yetu alikuwa bibi mmoja mjane. Hakuwa bibi yangu wa damu, lakini marehemu mumewe nilimwita babu, na kwa utani wetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake. Kwa hiyo bibi aliniita mke mwenzangu, na marehemu akawa mume wetu. Mume wetu huyo alisifika Kabungu nzima kwa gobore lake. Hakosi. Hata kwenye mpira, kijana akifunga goli, watu wanasema amepiga kama marehemu.

Siku moja bibi aliniita nimtafutie kisu chake kilichopotelea kwenye karanga. Ilikuwa imebaki kama wiki moja zing'olewe, basi nikawa napita kati ya mistari kwa ncha za vidole, ditekta mkononi. Kisu sikukiona. Lakini karibu na kichuguu mashine ikaanza kulia, hatua mbili inalia tena. Nikafukua kwa kijiti, taratibu, nisiguse mzizi. Risasi. Nilipotoka nilikuwa nazo kumi na moja ndani ya kopo, zote za gobore, zote duara.

Nikaenda senta kununua chumvi, furaha imenijaa. Wanaume waliokaa kwenye benchi la duka wakanitania kama kawaida yao, "Vipi dada, leo umetajirika?"

"Dhahabu bado," nikasema, "ila shambani kwa bibi kuna risasi kibao!"

Sasa Mpanda ni mji uliozaliwa na mgodi wa risasi, yale madini mazito ya kijivu. Wazee waliichimba wakaipakia kwenye treni. Na neno ni hilo hilo moja, risasi inayotoka kwenye bunduki na risasi inayotoka kwenye mwamba. Mimi nilisema ile ya kwanza. Benchi zima likasikia ya pili.

Asubuhi yake walikuja wachimbaji kama kumi na tano, na sururu, makoleo, kamba na vigingi vya kugawana maeneo. Wachimbaji wa kwetu waliamini kwamba risasi na dhahabu hulala kitanda kimoja, ukimwamsha huyu utamkuta na yule. Mbele yao alikuwepo kijana mmoja mrefu mwenye kofia ya sufi, mtu wa maneno, na wengine wote walimsikiliza yeye.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mmekuja kunisaidia kung'oa?"

"Tumekuja kung'oa, bibi, ila siyo karanga."

Karanga zile ndizo zilikuwa mboga yake, mafuta yake na sabuni yake mpaka msimu mwingine, na mdomo ulioleta sururu pale ulikuwa wangu. Nikakimbia nyumbani nikaleta kopo.

"Kaka, mmenielewa vibaya. Ni risasi za bunduki hizi. Zimeshapigwa. Tazama!"

Mwenye kofia akachukua moja, akaijaribu kwa jino. "Hii imeyeyushwa."

"Ndiyo, imeyeyushwa ikawa risasi."

"Yaani ilikuwa risasi, ikayeyushwa, ikawa risasi." Akawageukia wenzake. "Jamani, dada anatuzungusha."

Wakacheka. Nikajitetea kwamba risasi ya mwamba ukiigonga inavunjika vipande vipande vinavyong'aa, hii ukiigonga inabonyea tu. Akasema anajua, hakuzaliwa jana, ndiyo maana anasema nyie mmeshayeyusha mawe jikoni, mnataka kutuficha.

"Haya tuseme za bunduki," akaendelea. "Gobore pande hizi lilikuwa la nani?"

"La marehemu babu."

"Na marehemu alikuwa anakosa?"

"Hakosi!" wakaitikia wote, kama kanisani.

"Basi niambie, mtu asiyekosa anaachaje risasi kumi na moja kwenye karanga?"

Jibu nilikuwa nalo. Zote ni duara, maana yake zote zilikosa. Nililiona kwa macho yangu tangu jana, ila nilikuwa nimelisukuma mbali. Nikamtazama bibi. Nitasemaje mume wetu alikosa, mbele ya watu kumi na tano, na mke wake mkubwa amesimama pale? Wakati nasitasita mmoja wao akaanza kupigilia kigingi, mguu wake uko juu ya mstari wa karanga.

Bibi akatazama ule mguu. Kisha akageuka akaingia ndani. Nikajua amekwenda kulia.

Akatoka na vipande viwili vya jiwe laini vilivyofungwa kwa kamba ya gome. Alipovifungua nikaona kila kimoja kina shimo la nusu duara. Ilikuwa kalibu ya kumiminia risasi. Akachukua moja koponi, akaiweka kwenye shimo. Ikakaa sawasawa.

"Mnaona pengo hili? Jiwe lilinidondoka nikiwa na mimba ya kwanza. Tangu hapo kila risasi ya nyumba hii ina kitovu. Zikagueni."

Wakazikagua. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeziosha zote kumi na moja na sikukiona, kiuvimbe kidogo ubavuni, kila moja mahali pale pale.

"Nilikuwa naziyeyusha mimi, kwenye sufuria iliyotoboka, yeye anapuliza moto."

Mwenye kofia akajikuna kidevu. "Sasa bibi, ina maana marehemu..."

"Alikuwa anakosa."

Bibi akaonyesha kichuguu kwa kidole.

"Nyani walikuwa wanakaa pale. Wanamtazama anavyoshindilia baruti, hawana hata haraka. Anapiga, puu! Moshi ukiisha wapo, wanajikuna. Anarudi ndani ananiambia, leo nimewatisha."

Mtu mmoja nyuma akapasuka kwa kicheko, akajiziba mdomo.

"Na wale nguruwe pori anaosifiwa kuwaua, bibi?" akauliza mwenye kofia.

"Nguruwe alimpata mmoja, mwaka alionioa. Mmoja."

"Lakini Kabungu nzima inajua..."

"Kabungu nzima iliambiwa na nani? Na mimi, kisimani! Wenzangu wanasifia waume zao, mlitaka mimi niseme nini? Kwamba nimeolewa na moshi?"

Hapo wakashindwa kabisa. Mwenye kofia alikaa chini na sururu yake, anafuta machozi kwa ile kofia. Bibi naye akaanza kutikisika mabega, halafu akacheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu msiba. Aliyepigilia kigingi akaking'oa, akainama kuzisimamisha karanga alizozikanyaga, moja moja, anazishindilia udongo kwa vidole.

"Bibi, utusamehe," akasema mwenye kofia. "Na marehemu atusamehe."

"Msiwe na wasiwasi. Hata angekuwepo na gobore lake mngekuwa salama."

Walipoondoka nikapiga magoti kumwomba msamaha. Nilikuwa nalia, maana niliona nimemnyang'anya mume mara ya pili. Akaniinua kwa kiwiko.

"Acha hayo, mke mwenzangu. Kisu changu kiko wapi? Nimekutuma kisu, umeniletea wanaume kumi na tano."

Wiki ile tulizing'oa karanga zote. Ditekta haikuhitajika. Unavuta shina, karanga zinatoka, na mara nyingine risasi inatoka nazo imeng'ang'ania mizizi kama karanga mwenzake. Kila ilipotoka moja bibi aliipapasa kitovu, akaifunga kwenye pindo la khanga yake. Jioni pindo lilikuwa limevutwa chini na uzito, anatembea ameinamia upande mmoja. Nikamwambia anipe nimbebee.

"Hapana," akasema. "Huyu nitambeba mwenyewe. Wewe katafute wako, na uchague anayekosa."

Akatangulia. Mimi nikajitwisha gunia, nikamfuata.