Mnara wa Kuoshea Moshi

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa fundi wa boila katika kiwanda cha sukari nje ya Kisumu, kule kwenye tambarare la miwa. Siku moja mwalimu mkuu wa shule iliyopakana nasi, mama mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, aliingia karakana bila hodi na kutupa rundo la madaftari kwenye benchi langu. Alifungua moja, akapitisha kidole juu ya ukurasa. Kidole kiliacha mstari mweupe katikati ya masizi.

"Bwana fundi," akasema, "nimeambiwa moshi ni kazi yako."

Sikuwa nimewahi kuliwaza jambo hilo. Mimi nilijua kazi yangu ni moto. Boila zetu zilichoma makapi ya miwa, na makapi yakipungua tulichoma mafuta mazito. Ng'ambo ya pili ya jengo tulichoma salfa, maana hewa yake ndiyo iliyong'arisha maji ya miwa ili sukari itoke nyeupe. Majivu na ile hewa ya salfa iliyobaki vyote vilitokea juu ya bomba moja. Asubuhi moshi ulipanda wima, haukumsumbua mtu. Lakini saa saba mchana, upepo wa ziwani ulipoanza kuvuma, moshi uliinama na kwenda kulala juu ya shule. Ukiuvuta, koo linawasha kama umesimama karibu na pilipili iliyomwagika motoni.

"Nafunga madirisha, watoto wanazimia kwa joto," mwalimu akaendelea. "Nayafungua, wanakohoa hadi hawasikii ninachofundisha. Sasa niambie nifanye nini."

Nikamwambia nitashughulikia. Nilisema hivyo ili aondoke, ukweli ni huo.

Lakini maneno yake yalinikaa. Nyuma ya ghala kulikuwa na mnara wa chuma uliolala kwenye nyasi tangu nilipoajiriwa, mbuzi wakijikinga mvua ndani yake. Nilimuuliza mhandisi mkuu ni wa nini. Huyu alikuwa bwana mpole wa maneno, hakasiriki, hakubali, hakatai.

"Wa kuoshea moshi," akajibu. "Ulikuja pamoja na boila mpya. Tutaufunga nafasi ikipatikana."

Nafasi niliitafuta mwenyewe. Kiwanda kilipofungwa kwa matengenezo ya mwaka, niliusimamisha ule mnara pamoja na mzee wa pampu. Mzee huyu alikuwa ametoka Nyeri zamani kuja kufanya biashara Kisumu, duka likamshinda, akaishia kwenye pampu zetu, na hakuna aliyezijua kama yeye. Kazi ya mnara ni rahisi kueleza. Moshi unaingia chini ukisukumwa na feni. Juu kuna vinyunyizio vinavyomwaga mvua ya maji yaliyochanganywa na chokaa. Maji yanakamata vumbi na kulishusha, chokaa inaiua asidi inayozaliwa hewa ya salfa inapokutana na maji, na kinachotoka juu ni mvuke tu.

Siku ya kwanza tulipouwasha nilivuka barabara kwenda shuleni upepo ulipoanza. Mwalimu alikuwa amesimama uani, uso ameuelekeza kiwandani. Alinusa kwa muda mrefu. Kisha akaingia darasani, nikasikia madirisha yakifunguliwa moja baada ya jingine. Nilirudi kazini nikitembea kama mtu aliyepata mtoto wa kwanza.

Wiki haikuisha, vinyunyizio vikaziba. Nikapanda na waya, nikavizibua. Siku ya tatu vimeziba tena. Nikapanda tena, ovaroli imelowa, macho yanachoma, huku chini feni inalia. Mzee wa pampu alinitazama nikishuka.

"Bwana, wewe unaoga kwa maji ya jana?" akaniuliza.

"La."

"Basi mbona unaogesha moshi kwa maji ya jana?"

Alisema kweli. Mhandisi hakutaka kutoa maji mapya, kwa hiyo maji yaleyale machafu yalizunguka na kurudi juu na majivu yake. Nikaomba tuchimbe bwawa ili uchafu utulie chini kabla maji hayajarudi. Mhandisi akasema bwawa si lazima, maji yaliyotumika yamwagwe kwenye mtaro, na mnara upewe mapya kidogo kidogo. Nilifurahi. Sikuuliza mtaro unaelekea wapi.

Mwalimu ndiye aliyenijulisha. Alikuja tena, safari hii na chupa. Maji yaliyokuwamo yalikuwa ya kijivu.

"Haya yametoka kijitoni tunakochota," akasema. "Akina mama wanafulia hapo. Ng'ombe wameyakataa. Umeutoa moshi hewani, umetuwekea majini."

Nilichukua kikaratasi cha bluu cha maabara, kile kinachogeuka rangi kikigusa asidi, nikakitumbukiza. Kikawa chekundu papo hapo. Nilishangaa, kwa kuwa chokaa ingepaswa kuwa imeshaiua asidi hiyo. Nilikwenda kwenye tangi la chokaa nikalikuta kavu. Mzee wa pampu akaniambia bila kunitazama kwamba wameamriwa chokaa yote ipelekwe kwenye maji ya miwa, kuyasafisha.

Nilimfuata mhandisi ofisini, chupa mkononi.

"Kiwanda kinatengeneza sukari," akaniambia kwa upole wake uleule. "Sukari bila chokaa haitoki. Moshi bila chokaa unatoka."

"Na watu wanaokunywa haya?"

"Nimekusikia. Tutaangalia."

Nilitoka na chupa yangu. Sijawahi kumpiga mtu maishani, ila siku ile nilielewa wanaopiga.

Bwawa tukalichimba wenyewe, mimi na mzee na vibarua wawili wa makapi, yaani wale wanaoyasukuma makapi motoni kwa koleo. Tulichimba Jumapili tatu baada ya kanisa. Chokaa nilikuwa nafagia mabaki yaliyomwagika ghalani na kuyabeba kwa karai. Maji yakaanza kutulia, kikaratasi kikabaki bluu, ng'ombe wakarudi kijitoni. Kwa miezi michache mambo yalikwenda.

Kisha kiangazi kikaingia, mto tuliochotea maji ya kiwanda ukapungua. Asubuhi moja nilikuta valvu ya mnara imefungwa kwa mnyororo na kufuli. Maji yote yaende kwenye boila, ndivyo ilivyoamriwa. Nikasema basi moshi uelekezwe kando, usipite mnarani, maana bila maji mnara utaharibika. Hakuna aliyetoa ruhusa ya kusimamisha boila ili nifanye kazi hiyo. Moshi wa moto ukapita kwenye mnara mkavu mchana na usiku. Utando wa mpira uliokinga chuma kwa ndani ukayeyuka, asidi ikala chuma. Mvua iliporudi na kufuli kufunguliwa, maji yalichirizika kwenye matundu pande zote.

Mhandisi alikuja kutazama. Alitikisa kichwa kwa masikitiko.

"Unaona? Mitambo hii haifai huku kwetu."

Mzee wa pampu aliniwekea mkono begani na kunivuta pembeni kabla sijasema la kunifukuzisha.

Mwaka uliofuata kiwanda kilitoa mawe na mabati, shule ikajengwa upya upande wa magharibi, upepo unakotokea. Kulikuwa na sherehe. Tuliketishwa chini ya turubai, mhandisi akashukuriwa na kupigiwa makofi, nami nikapiga kwa sababu wote walikuwa wakipiga. Baadaye mwalimu alinikuta karibu na darasa jipya lenye harufu ya rangi.

"Umefurahi, mama?" nikamuuliza.

"Watoto watapumua," akasema. Kisha akanyoosha mkono kuonyesha nyumba zilizobaki kule shule ilikokuwa, mashariki ya kiwanda. "Wale nao, wamejengewa wapi?"

Akaniacha hapo, akaenda kuwapanga watoto wake kwa wimbo.