Kasoro za Piano ya Baba

Mpaka leo nikinusa nta ya nyuki hasira hunipanda kidogo. Kila Jumamosi baba aliisugua piano yake kwa nta hiyo, polepole, kwa kitambaa cha flana ambacho mama alikitaka kwa ajili ya mtoto.

Mzungu mmoja mwenye shamba, alipofunga virago kurudi kwao, alimwachia baba piano ile kwa kuwa baba, mwalimu wa kwaya ya Kilutheri, ndiye pekee aliyekuwa akienda kuipiga. Ilikuwa nyeusi, ya miguu mitatu, bila hata mkwaruzo. Ilijaza chumba chetu pale Njombe, tukawa tunapita kwa ubavu. Na kwa sababu joto hupasua mbao, baba alipiga marufuku jiko la mkaa humo ndani. Nanyi mnaijua baridi ya Njombe ya mwezi wa saba. Tulilala tukitetemeka, piano imefunikwa blanketi.

Kisha mdogo wangu Tumaini akashikwa na kifua. Daktari wa hospitali ya Ilembula akasema mtoto alale penye joto, la sivyo tutampoteza. Jikoni kulikuwa na moshi mtupu. Mama akamtazama baba.

"Nitaiuza," baba akasema.

Sasa sikieni alivyoiuza. Kwetu muuza ng'ombe hutaja kasoro zake mbele ya mashahidi: huyu hupiga teke, huyu huruka ua. Baba naye akafanya vivyo hivyo. Akaja karani wa boma, akaambiwa sauti za chini hukwama wakati wa mvua. Akaja mwalimu mwenzake, akaambiwa nyaya zimechoka. Wote wakanywa chai, wakashukuru, wakaenda zao. Mimi nilikuwa nimembeba Tumaini mgongoni, nasikia kifua chake kinavyokoroma, natamani kumziba baba mdomo. Kwani angenyamaza angepungukiwa na nini?

Mwishowe akaja Mhindi mwenye duka Makambako, anawatafutia binti zake piano. Baba hajafungua kinywa, mama akatokea jikoni.

"Baba Neema, leo kasoro yake nitaisema mimi. Inawanyima wanangu moto."

Yule bwana akamwangalia mtoto mgongoni mwangu. Hakuuliza zaidi, na siku hiyohiyo lori lake likaichukua.

Jioni jiko likawaka chumbani. Baba alibaki nje, hakuja kuota moto. Nikadhani anamnunia mama, nikazidi kumchukia.

Miaka ilipita, nikaenda na Tumaini Makambako kununua sare zake za shule. Mvua ilikuwa kubwa, tukajibanza kwenye baraza ya duka la yule Mhindi. Ndani piano ilikuwa ikipigwa, na sauti za chini zilitoka safi, hakuna hata moja iliyokwama. Ndipo nikaelewa. Baba, aliyetuchapa kwa uongo wa kijiko cha sukari, aliwadanganya watu wazima mchana kweupe, kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kuing'ang'ania.

Tumaini akanivuta mkono, akauliza ni kitu gani kile kinacholia vizuri hivyo. Nikamwambia ni piano. Ilikuwa ya nani, sikumwambia.