Bakuli la Bi Tone

Nilikuwa mtunza stoo wa maabara ile, kazi yangu kugawa glavu na kugombana na wanaozimaliza, kwa hiyo nasimulia niliyoyaona kwa macho yangu. Bi Tone hakuwa mwosha vyombo. Hilo nalisema mapema ili mtu asije akanidanganya mbele ya uso wangu mara ya pili.

Jina tulimpa sisi. Alikuwa fundi wa maabara, mama wa miaka hamsini na mitatu mwenye mkono usiotetemeka, na kutwa nzima alidondosha matone. Mbele yake palikuwa na vipande vya plastiki vidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kila kimoja na elektrodi yake ya kupitishia umeme. Juu ya elektrodi aliweka tone moja la wino mweusi. Ndani ya wino mlikuwa na mirija ya kaboni, myembamba mara maelfu kuliko unywele, na chembe za dhahabu ambazo jicho haliwezi kuziona. Wino ukikauka vizuri, damu kidogo tu ya mgonjwa ilitosha. Umeme mdogo ulipita, na mashine ikaonyesha kama taka ambazo figo zilipaswa kuzitoa zimeanza kujaa mwilini.

Figo ndizo zilizomuua dada yake. Aliacha mtoto wa miaka sita, Bi Tone akamlea, akamsomesha mpaka akawa Daktari, na Daktari huyo ndiye aliyekuwa bosi wetu. Nyumbani alimwita mama. Kazini alimwita fundi.

“Kazi ni kazi,” Bi Tone aliniambia nilipomuuliza kwa nini anakubali.

Mwaka mzima kipimo kiligoma. Kipande kimoja kilisema mgonjwa yuko salama, cha pili, kwa damu ileile, kikasema yu mahututi. Daktari alilaumu dhahabu, akalaumu umeme, siku moja akalaumu stoo yangu. Bi Tone ndiye aliyechukua lenzi akatazama. Tone lilikuwa likikauka kama doa la chai mezani: kila kitu kimekimbilia ukingoni, katikati patupu.

Kesho yake alikuja na bakuli la bati kutoka nyumbani, lenye ua jekundu na ukingo uliobanduka rangi. Ndilo alilokuwa akimpakulia Daktari chakula utotoni. Alivifunika vipande kwa bakuli hilo, na ndani akaweka kitambaa kibichi ili tone lisikauke haraka. Baada ya dakika arobaini wino ulikuwa umetandazika sawasawa, na vipande vyote vikatoa jibu moja. Baadaye walijaribu vifuniko vya kioo. Maji yalijikusanya juu yakadondokea wino, wakarudi kwenye bakuli, ambalo mviringo wake uliyatelezesha maji pembeni.

“Ripoti ikitoka, jina lako litafuata langu,” Daktari alimwahidi, nikiwa nimesimama palepale.

Bi Tone hakutaka kingine. Alitaka tu majina yao wawili yasomeke pamoja, kwenye kazi inayohusu ugonjwa uliomchukua dada yake. Alinunua hata fremu, akaificha stooni kwangu nyuma ya maboksi ya glavu.

Ripoti ilitoka siku tuliyopokea wageni. Nakala zilikuwa mezani. Bi Tone alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye majina. Yalikuwa sita. Akarudia taratibu, akidhani ameruka mstari. Hakuwemo. Ukurasa wa tatu palikuwa na picha ya mkono wenye glavu, pipeti ya kudondoshea wino, na bakuli la ua jekundu. Ulikuwa mkono wake, picha imeishia kwenye kifundo cha mkono. Chini yake waliandika: “Chemba ya unyevu iliyobuniwa na watafiti.”

“Na huyu mama?” mgeni mmoja akauliza.

“Anatusaidia kuosha vyombo,” Daktari akajibu bila kupepesa macho.

Nilitamani kumtupia boksi zima la glavu. Bi Tone alingoja wageni waondoke.

“Mwanangu, jina langu liko wapi?”

“Fundi, haya mambo yana utaratibu. Walisema jina la mtu asiye na shahada litaishusha ripoti.”

“Akina nani hao?”

Daktari alitazama viatu vyake. “Nilisema mimi.”

Mimi ningevunja kitu. Bi Tone alivua glavu, akainua bakuli, akalipangusa, akalitia kwenye kikapu chake. Vipande ishirini vilibaki wazi, bado vibichi. Nikamuuliza habari ya fremu.

“Igawe,” alisema. “Si ndiyo kazi yako?”

Sikuthubutu kucheka.

Alipofika mlangoni Daktari alimkimbilia.

“Mama,” alisema. “Mama, bakuli lina kazi kesho.”

Kwa miaka minne sikuwahi kumsikia akimwita hivyo kazini. Bi Tone naye alilisikia neno hilo. Alisimama kidogo, akahamishia kikapu mkono wa pili, akatoka.