Mgonjwa Aliyeomba Kufokewa

Wodi nzima ya wanawake ilimwita Honi, naye alijua, wala hakuona ubaya. Miaka kumi na tisa ya uuguzi ilikuwa imempa miguu ya kuvimba na sauti ya kusikika mpaka jikoni. Aliwafokea waliokataa kugeuzwa, akawafokea waliotupa maganda chini ya kitanda, na siku moja alimfokea mke wa mganga mkuu kwa kupitiliza muda wa kutazama wagonjwa. Alipoambiwa ni nani, alimfokea tena kidogo, asije akaonekana mwoga.

Wenye virusi vya UKIMWI tu ndio hakuwafokea. Zamani, akiwa mwanafunzi, alimwona muuguzi akimsukumia mgonjwa wa namna hiyo sahani ya chakula kwa mguu, na jambo lile halikumtoka moyoni. Basi kwao alishusha sauti, akawaita "mpenzi", akawatandikia shuka kwa mikono yake. Alijihesabu mtu mwema, na kusema kweli alikuwa mwema.

Jumanne asubuhi fundi cherehani wa kitanda cha nane, aliyelazwa kwa nimonia, alimshika mkono.

"Dada, nakuomba kitu. Nifokee."

"Nikufokee kwa lipi, mpenzi?"

"Hilo hilo 'mpenzi'. Wodi nzima wanajua, ukimbembeleza mtu basi ana virusi. Wifi yangu anakuja saa sita, na jana alianza kuniuliza mbona unanipenda hivyo. Mume wangu nitamwambia mwenyewe nikitoka. Akiambiwa na dada yake kwanza, sina ndoa tena."

Honi alikaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo alilowakataza watu wote. Alimfikiria yule wa kitanda cha tatu, ambaye wanawe walikuja siku mbili za mwanzo kisha wakapotea. Alikuwa amemwita mpenzi mbele yao. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Saa sita wifi mtu akaingia na chupa ya uji. Honi hakupoteza muda.

"Wewe! Nani kakwambia upande kitandani na kandambili? Shuka nikufulie mimi? Hapa si kwenu!"

Fundi akaangua kilio. Honi hakujua kama ni cha kweli, na roho ilimuuma, lakini aliongeza mawili matatu ya kuhusu dawa. Wifi akamkumbatia mgonjwa wake, akamnywesha uji kijiko kwa kijiko, huku akimtazama Honi kwa jicho baya.

Ijumaa matroni alimwita ofisini, akamsomea barua ya malalamiko.

"'Wagonjwa wa virusi anawabeba kama mayai, lakini wifi yangu, mwenye nimonia tu, kamtukana mpaka analia.'"

Matroni aliyajua mafaili yote ya wodi. Alivua miwani.

"Itabidi nikupe onyo la maandishi. Una la kujitetea?"

"Sina."

Honi aliomba aione barua. Akayasoma mwenyewe yale maneno, "mwenye nimonia tu", mara mbili, kisha akatia sahihi.